El Nino na Bahari Iliyosahauliwa: Historia ya Jina Moja katika Habari za Mvua nchini Kenya

Mnamo Oktoba 2023, Rais William Ruto aliwatangazia Wakenya kwamba, kwa mujibu wa wataalamu wa hali ya hewa, El Nino iliyokuwa ikihofiwa haingefika. Mvua ingekuwa nyingi, lakini isingefikia kiwango cha maangamizi. Kabla ya mwezi wa Novemba kwisha, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100, sehemu za Mandera, Garissa, Tana River na pwani zilikuwa ndani ya maji, na mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamehama makwao. Katika majuma hayo vyombo vya habari vilishughulika mno na swali moja: je, hii ni El Nino au si El Nino?

Kwa mtaalamu wa bahari, swali hilo halikuwa na uzito wowote. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikuwa limekwisha kutangaza, tarehe 4 Julai 2023, kwamba El Nino imeanza katika Bahari ya Pasifiki, na tangazo hilo halikungoja kuthibitishwa na maji ya mto Tana. Lakini kwa mhakiki wa lugha swali hilo ni zito sana. Linadhihirisha kwamba katika matumizi ya Wakenya jina El Nino halikuwa tena jina la joto la bahari ya mbali. Lilikuwa jina la mafuriko yenyewe. Kwa hivyo aliyesema kwamba El Nino haiji alisikika akisema kwamba mafuriko hayaji, hata kama katika sentensi hiyohiyo alitaja mvua nyingi. Msikilizaji wa redio aliyekuwa akiamua kama ahamishe mbuzi wake au awaache ukingoni alisikia jina tu.

Makala haya yanakusudia kuifuata historia ya jina hilo katika habari za mvua nchini. Dai letu ni kwamba El Nino ilipopokelewa na magazeti na redio mwaka 1997, ilikuja na bahari yake, nayo bahari hiyo ikaifunika ile iliyo mbele ya macho yetu, yaani Bahari ya Hindi. Hatuandiki kama wataalamu wa anga. Tunaandika kama wasomaji wa matini, na matini za habari, kama zilivyo tenzi na riwaya, huchagua ni nani atakayekuwa mtenda na ni nani atakayetendwa.

Majina kabla ya 1997

Kiswahili hakikuwa maskini wa msamiati wa bahari na mvua. Mwaka wa baharia wa pwani ulipimwa kwa pepo. Kaskazi ilipovuma, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, majahazi yaliteremka kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi iliposhika, yalirudi. Baina ya pepo hizo palikuwa na tanga mbili, na mwishoni mwa kusi palikuwa na demani. Mvua nazo zilikuwa masika na vuli, na mchoo katikati. Mabaharia na wakulima walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, kwa miongo, yaani makumi ya siku, na mwongo ndio uliomjulisha mtu wakati wa kung'oa nanga au wa kupanda. (Siku hizi neno hilohilo tumelipa maana ya miaka kumi, nalo hutumika sana katika ripoti za tabianchi. Nahodha wa zamani akiambiwa kwamba bahari imepata joto kwa miongo minne, bila shaka angeelewa siku 40.)

Jambo la kuzingatia katika msamiati huu si wingi wake. Ni kwamba haukuitenga mvua na bahari. Mvua ya vuli ilifahamika kuwa ni mtoto wa kubadilika kwa upepo juu ya maji haya tunayoyaona. Ujuzi huo haukuwa sayansi kwa maana ya sasa, wala hatutaki kuupamba kwa njozi za usomi wa jadi. Haukuweza kusema kwa nini mwaka mmoja vuli hufurika na mwaka mwingine hukauka. Lakini uliielekeza akili upande unaofaa.

Bara nako palikuwa na desturi nyingine ya kutaja majina, ambayo kwa mhakiki ina mvuto wa pekee. Wakamba huzipa njaa zao majina, na majina hayo ni historia fupi. Ile ya 1898 hadi 1900 huitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Njaa moja ya mapema ya miaka ya 1980 huitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa nikiwa nazo mkononi, yaani fedha zipo lakini chakula cha kununua hakipo. Katika maneno mawili, jina hilo limesema zaidi kuhusu soko, ghala na ugavi kuliko tahariri nyingi za wakati huo. Halitaji jua wala mawingu. Lina nafsi ya kwanza, lina mtu anayekufa na anayejua kwa nini anakufa.

Mafuriko makubwa ya 1961 yalipata jina la namna tofauti. Baada ya ukame mkali wa 1960 na 1961, mvua ya vuli ilinyesha kwa wingi usio wa kawaida kuanzia Oktoba, na maeneo yaliyokuwa yakipelekewa chakula cha msaada kwa sababu ya kiangazi yakaanza kupelekewa kwa sababu ya maji. Kiwango cha Ziwa Victoria kilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964. Jomo Kenyatta alikuwa ameachiliwa mwezi wa Agosti 1961, na Tanganyika ikapata uhuru wake tarehe 9 Desemba, mvua hiyo ikiwa bado inanyesha. Mafuriko hayo yakaja kuitwa Mafuriko ya Uhuru. Jina hili lilikuwa tarehe tu. Halikudai kueleza chanzo cha mvua, na kwa sababu hiyo halikumfunga mtu. Aliyetaka kuuliza maji yametoka wapi aliachwa huru kuuliza, ingawa wakati huo hapakuwa na mtu ambaye angeweza kumjibu.

Mwaka wa El Nino

Wavuvi wa Peru ndio waliolitoa jina hili. Waliona kwamba katika miaka fulani, karibu na Krismasi, maji ya pwani yao huwa na joto na samaki hupungua, wakauita mkondo huo mtoto wa kiume, kwa maana ya mtoto Yesu. Wanasayansi walilipanua baadaye, hasa baada ya Jacob Bjerknes, mnamo 1969, kuhusisha joto hilo la bahari na mabadiliko ya mgandamizo wa hewa yaliyochunguzwa na Gilbert Walker miaka ya 1920. Jina la wavuvi likawa istilahi ya dunia nzima.

Njia lililopitia hadi kutufikia linaweza kusomwa katika tahajia yake. Kwa Kihispania herufi ya n ya pili ina alama ya wimbi juu yake, na sauti yake ni ile ile ya ny katika nyota na nyumba. Kiswahili kina sauti hiyo na kina namna ya kuiandika. Lau tungelipokea jina kutoka kwa wavuvi wenyewe, tungeandika El Ninyo, na kila mtoto wa darasa la pili angelisoma sawasawa. Tuliandika El Nino, na baadhi yetu Elnino kwa neno moja, kwa kuwa tulilinakili kutoka kwenye magazeti na mashirika ya habari ya Kiingereza ambayo yalikuwa yameiacha alama hiyo njiani. Hili ni jambo dogo, lakini linatuonyesha kwamba jina lilitufikia likiwa limekwisha kutafsiriwa na wengine, pamoja na ramani yao.

Idara ya hali ya hewa ilitoa tahadhari kabla ya mvua ya Oktoba 1997. Haikuwa rahisi kusikilizwa. Mwaka ule ulikuwa wa maandamano ya Saba Saba, wa ghasia za Likoni mwezi wa Agosti, wa mazungumzo ya vyama vya bunge kuhusu mageuzi ya katiba, na wa uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Desemba. Mvua ilipoanza, ilianza kama habari ya pembeni ya siasa. Ilipokata barabara ya Mombasa hadi Nairobi na kusomba madaraja, ikawa habari yenyewe. Kipindupindu kikafuata. Kaskazini Mashariki homa ya Bonde la Ufa iliangamiza mifugo na kuua mamia ya watu katika Kenya na Somalia, katika majuma yale yale ambapo nchi ilikuwa ikihesabu kura. Upigaji kura wenyewe ulilazimika kuendelea hadi siku ya pili katika sehemu kadhaa, na mvua ilikuwa miongoni mwa sababu.

Mbinu iliyotawala habari hizi ilikuwa tashihisi. El Nino ilibisha hodi, ikavamia, ikaua, ikapumzika, ikarejea kwa kishindo. Tashihisi si dosari. Ushairi wetu wote wa bahari hauwezi kuishi bila yake. Lakini katika habari ina kazi ya kisarufi ambayo hatuna budi kuitazama. Vichwa vya habari vya Kiswahili hupenda kumtanguliza mtenda na kumfuatishia kitenzi cha -a-, kisichobainisha wakati, kwa mfano wa namna hii: El Nino yasomba daraja. Sentensi hiyo imetosheka. Ina mtenda, ina kitendo, ina kitendwa. Haina nafasi iliyobaki ya mhandisi aliyelijenga daraja, wala ya baraza la mji lililoacha mitaro izibe, wala ya wizara iliyopuuza tahadhari. Hata ukiigeuza katika kauli ya kutendwa, daraja lilisombwa na El Nino, mahali pa na pamekwisha kukaliwa. Ili kumwingiza binadamu katika habari ile ilibidi kwanza kumtoa El Nino katika nafasi ya mtenda, na hapakuwa na mhariri aliyekuwa na haja ya kumtoa, maana jina hilo lilikuwa likiuza.

Mtenda huyu alikuwa mgeni, tena mgeni asiyeweza kushtakiwa. Alitoka Pasifiki. Msomaji aliambiwa kwamba maji yaliyoko nyuzi nyingi za longitudo mbali naye yamepata joto, na kwamba kwa sababu hiyo nyumba yake ya Budalangi imezama. Sayansi hiyo haikuwa uongo, ila ilikuwa nusu. Nakumbuka mwalimu wetu wa jiografia katika shule ya upili, katika muhula wa kwanza wa 1998, akichora Pasifiki ubaoni kwa chaki ya rangi mbili, Peru upande mmoja na Indonesia upande wa pili, na Afrika Mashariki haikuwamo hata katika pembe ya ubao. Hakuna aliyeuliza maji yale yalitufikiaje. Tulinakili.

Mvua ilipokwisha, jina liliendelea kufanya kazi. Mwaka 1998 ukarabati wa miundombinu uligharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia chini ya mradi wa dharura uliobeba jina hilohilo, na El Nino ikawa fungu la bajeti. Kwa miaka mingi baadaye, barabara mbovu ilikuwa barabara iliyoharibiwa na El Nino, pamoja na zile zilizokuwa mbovu mwaka 1995. Wakati huohuo, kwa watu wa kawaida jina likawa kalenda. Mtoto alizaliwa mwaka wa El Nino, ng'ombe walikufa mwaka wa El Nino. Hapo lilikaribia kazi ya Mafuriko ya Uhuru, isipokuwa kwamba hili lilidai pia kueleza.

Bahari ya Hindi yapata istilahi

Mwaka 1999, chini ya miaka miwili baada ya maji kupungua, N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya hali ambayo tangu hapo inaitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi. Kwa maneno mepesi, kuna miaka ambapo upande wa magharibi wa bahari hii, ulio karibu nasi, hupata joto kuliko kawaida, na upande wa Sumatra hupoa. Upepo ambao kwa kawaida huvuma kuelekea mashariki juu ya ikweta hudhoofika au hugeuka, unyevu unasukumwa kuja pwani ya Afrika, na vuli inafurika. Mwaka 1997 hali hiyo ilikuwa na nguvu kubwa, sambamba na El Nino.

Lenye kushangaza zaidi ni usomaji mpya wa zamani ambao istilahi hiyo iliuwezesha. Wataalamu walipozirudia kumbukumbu za joto la bahari, walikuta kwamba 1961 ulikuwa mwaka wa Dipoli yenye nguvu sana, na haukuwa mwaka wa El Nino. Mafuriko ya Uhuru na mafuriko ya 1997 ni ndugu, lakini udugu wao umepitia Bahari ya Hindi. Kama Mkenya wa 1998 angetaka kulinganisha msiba wake na wa wazazi wake, jina alilopewa na magazeti lingemzuia, kwa sababu lingemwambia kwamba 1961 hakukuwa na kitu cha aina hiyo.

Ugunduzi huu ulipaswa kuwa habari kubwa kwa lugha ya Bahari ya Hindi. Haukuwa. Hadi leo Dipoli haina jina ambalo msikilizaji wa redio anaweza kulishika. Wanaoitaja hutaja herufi tatu za kifupi cha Kiingereza na kupita haraka. Hili si kosa la wanahabari peke yao. Sisi tulio katika idara za Kiswahili tuliunda istilahi za fonolojia na za nadharia ya fasihi kwa wingi, na tukabishana juu yake kwa miaka, lakini bahari tuliwaachia wengine.

Gharama ya ukosefu huo ilionekana mwaka 2019. Hapakuwa na El Nino katika vuli ya mwaka huo. Dipoli, kinyume chake, ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kubwa kabisa zilizopata kupimwa. Vuli ilinyesha bila kukoma. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba maporomoko ya ardhi katika Pokot Magharibi yaliua zaidi ya watu 40. Katika majira hayohayo Australia ilikuwa ikiungua, na picha za moto ule zilizunguka dunia nzima. Hali moja ya bahari moja ilikuwa imechangia mambo yote mawili, maji upande huu na ukavu upande ule, lakini msomaji aliyapata kama misiba miwili isiyojuana, moja katika kurasa za ndani za nchi na nyingine katika kurasa za kimataifa. Riwaya ambayo ingewatenga ndugu wawili namna hiyo bila kumdokezea msomaji tungeihakiki vikali.

Utabiri na uaguzi

Kuna neno jingine ambalo limechangia mkanganyiko huu, nalo ni utabiri. Kitenzi tabiri kimetokana na neno la Kiarabu la kufasiri ndoto, na kwa muda mrefu katika Kiswahili mtabiri amekuwa jirani wa mwaguzi. Tulipoambatisha neno hilo na hali ya hewa, tuliwavisha wataalamu vazi ambalo hawakuliomba. Taarifa ya msimu, kama zile zinazotolewa katika mikutano ya wataalamu wa Pembe ya Afrika iliyoanzia Nairobi Februari 1998, husema kwamba uwezekano wa mvua kuzidi wastani ni mkubwa kuliko uwezekano wa kupungua. Hiyo ni sentensi ya uwezekano. Utabiri, katika masikio ya Mswahili, ni sentensi ya ama ndivyo ama sivyo. Mtabiri akikosea mara moja, ni mwongo.

Mwaka 2015 El Nino ya Pasifiki ilikuwa kubwa, na onyo likatolewa kwa sauti, serikali ikajiandaa, na kumbukumbu ya 1997 ikaletwa mbele kama kipimo. Mvua ilinyesha, na kuna mahali palipofurika, lakini haikuwa 1997. Katika bahari yetu Dipoli ya mwaka huo haikufikia nguvu ya 1997. Badala ya kueleza hivyo, mjadala ukawa wa kejeli: El Nino imepotea njia, fedha zimeliwa. Swali la fedha lilikuwa halali. Lakini msomaji hakupata nafasi ya kujifunza kwamba mvua yake ina bahari mbili. Alijifunza tu kwamba wataalamu hudanganya, na somo hilo ndilo aliloingia nalo mwaka 2023.

Methali yetu husema dalili ya mvua ni mawingu, nayo kwa kawaida tunaifundisha kama methali ya uhakika: ukiona hiki, kitafuata kile. Wakulima niliowahi kuzungumza nao huitumia kwa tahadhari zaidi yetu. Wanajua mawingu mengi hupita.

Lipo pia suala la hali ya hewa na tabianchi. Kwa miaka mingi vyombo vya habari vya Kenya vimesema mabadiliko ya hali ya hewa kwa maana ya mabadiliko ya tabianchi, wakati hali ya hewa ni neno lilelile la taarifa ya jioni inayotuambia kama kesho kutakuwa na jua. Istilahi ya tabianchi, iliyoenea kutoka Tanzania, imekuwa ikiingia polepole. Tofauti si ya mapambo. Hali ya hewa hubadilika kila siku, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Anayeambiwa kwamba inabadilika anaweza kujibu, na wengi hujibu, kwamba haikuwahi kutulia. Ukame wa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, uliokuwa na misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua ya kutosha, ulihitaji neno la muda mrefu. Kundi la wataalamu la World Weather Attribution lilikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame wa aina hiyo uwe rahisi kutokea kwa angalau mara 100. Hata hivyo ukame hauna siku ya kuanza, na habari hutaka siku. Turkana na Marsabit ziliingia ukurasa wa kwanza pale tu mizoga ilipokuwa mingi kiasi cha kupigwa picha.

Bwawa ambalo halikuwako

Kuhusu vuli ya 2023, kundi hilohilo lilihitimisha kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliizidisha mvua hiyo hadi takriban mara mbili, na kwamba Dipoli ilichangia kwa kadiri inayokaribiana na hiyo. Kwa maneno mengine, wakati magazeti yakibishana kama El Nino ipo au haipo, watenda wawili wakubwa wa habari walikuwa bahari iliyo mlangoni petu na moshi wa viwanda vya dunia. Wote wawili walikuwa nje ya ubishi.

Masika ya 2024 yaligeuza fundisho hilo upande wa pili. Kati ya Machi na Mei zaidi ya watu 250 walikufa nchini. Safari hii uchunguzi haukuona mchango wa El Nino wala wa Dipoli katika mvua yenyewe, na ulikadiria kwamba tabianchi iliizidisha kwa kiasi kidogo, karibu asilimia 5, huku kiwango hicho kikiwa na shaka kubwa. Uzito uliwekwa kwenye miji inayokua haraka na bila mpango, na kwenye makazi ya watu maskini yaliyo kandokando ya mito. Kwa mwanahabari aliyekwisha kuzoea kusema tabianchi baada ya kuzoea kusema El Nino, matokeo haya ni magumu, maana yanakataa kumpa mtenda mmoja wa mbali. Kwa serikali yalikuwa rahisi kupita kiasi: watu wa Mathare na vijiji vingine vya kandokando ya mito ya Nairobi waliamriwa kuhama, nyumba zao zikabomolewa mvua ikinyesha, na katika baadhi ya taarifa wakawa wavamizi wa kingo za mito. Mtenda aliyekosekana tangu 1997 alikuwa amepatikana, naye alikuwa yule aliyezama.

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyochanganyika na matope, mawe na miti yaliporomoka Mai Mahiu na kuua watu wasiopungua 45. Habari za mwanzo, hapa nchini na ng'ambo, zilisema kwamba bwawa la Old Kijabe limepasuka. Neno bwawa lilikuwa na historia ya karibu: mwezi wa Mei 2018 bwawa la Solai, katika Kaunti ya Nakuru, lilikuwa limepasuka kweli na kuua watu wasiopungua 47, na kila mtu alikumbuka. Kwa hivyo msomaji alielewa mara moja, na akauliza swali lililofaa kwa Solai, yaani bwawa ni la nani. Baadaye maofisa wa maji walieleza kwamba halikuwa bwawa. Njia ya maji chini ya tuta la reli ya zamani ilizibwa na takataka za mvua, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha tuta likaachia. Maelezo hayo yana maswali yake, ya nani aliyepaswa kuizibua njia ile na tangu lini, na pengine ni maswali mazito kuliko yale ya bwawa. Yalichapishwa, lakini bwawa lilikuwa limetangulia. Katika insha za wanafunzi nilizosahihisha mwaka huu, wanaotaja Mai Mahiu wangali wanaandika bwawa.